Meno ya Kampuni

Kolwezi nzima ilimwita Munganga wa Meno, naye hakuwa munganga. Nalisema hili mapema kwa sababu mimi ni munganga, daktari kamili wa meno, na diploma yangu imetundikwa ukutani mbele ya kiti, mahali ambapo mgonjwa aliyeachama kinywa hana la kufanya ila kuisoma. Tulianza masomo wanafunzi arobaini, tukamaliza saba. Yeye alikuwa muuguzi aliyesimama miaka mingi nyuma ya daktari Mzungu wa hospitali ya Kampuni, wenye migodi ya mji, akimpa koleo na pamba. Siku Mzungu alipokwenda likizo asirudi, muuguzi akasogea mbele hatua moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake yote: hatua moja.

Alikuwa mtu mwema. Kila mtu mjini atakuambia hivyo, na mimi pia nakuambia, maana sikukaa kuandika haya ili nimsingizie. Lakini mwaka tulipofukuzwa Kolwezi alimvua baba yangu meno. Sisemi alimng'oa. Alimvua, kama mtu anavyovuliwa kofia mlangoni. Niliporudi mjini baada ya miaka mingi, nikiwa na gari langu, mashine zangu na diploma yangu, nilitaka jambo moja tu kutoka kwake: aseme kwa kinywa chake mwenyewe kwamba alimkosea baba. Nilidhani ni ombi dogo.

Nianze na koti. Koti lake jeupe lilipigwa pasi kwa wanga wa muhogo mpaka likasimama lenyewe, na nadhani lingeweza kuhudumia wagonjwa wawili watatu bila yeye. Alinuka mafuta ya karafuu kanisani, sokoni na misibani. Sura za watu hazikukaa kichwani mwake, na majina yalimpita vilevile. Alichokijua ni vinywa. Alimsimamisha mama wa watu katikati ya soko, mbele ya wakwe zake, akamuuliza kwa upole mkubwa:

"Mama, ile ya chini ya kushoto inalala muzuri?"

Mama alifunika mdomo kwa pembe ya kitenge. Wakwe walitazamana. Yeye hakuelewa kabisa kosa lake liko wapi, alidhani amesalimia.

Kuhusu sindano alikuwa na msimamo ambao, nakiri, baadhi ya maprofesa wangu hawakuwa nao. Hakung'oa jino la mtu yeyote bila kumchoma ganzi kwanza. Wachimbaji wenye vifua kama milango walikuja wakijisifu kwamba wao hawaogopi, wang'olewe hivyohivyo. Aliwajibu: "Sindano iko ya bale benye kuogopa. Benye habaogope beko ku makaburi. Fungulako kinywa." Wakafungua. Dawa ya ganzi ilipokwisha, wakati Kampuni ilipoanza kufa kipande kwa kipande, alifunga chumba siku tatu akakaa nje juu ya ngazi, akiwaeleza waliovimba mashavu kwamba yeye si mwuza nyama. Siku ya nne alimfuata mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyesafirisha mizigo ya mpakani, akarudi na boksi la dawa. Hakusema lilipatikanaje, nasi hatukumuuliza.

Mambo mengine ya kazi yake yangenifanya nicheke, kama yasingekuwa yanafanya kazi. Koleo alizichemsha juu ya mbabula, jiko letu la makaa, ndani ya sufuria iliyokatazwa kupikia kitu kingine chochote. Mke wake aliwahi kupikia humo matembele mara moja tu. Ikambidi mama huyo ahamie kwa dada yake wiki nzima. Dereva mmoja wa magari makubwa ya mgodini alipovunjika taya, Munganga wa Meno alimfunga meno ya juu na ya chini kwa waya mwembamba, kitanzi kwa kitanzi, asubuhi hadi adhuhuri, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani. Yule dereva alikunywa uji kwa bua la jani la mpapai wiki sita. Alipofunguliwa, taya lilikuwa limenyooka kuliko lilivyokuwa kabla. Mke wake alikuja kushukuru na kuku mkononi, akanong'ona:

"Tata, haiwezekane umufungeko tena wiki mbili? Nyumba ilikuwa na amani."

"Mama, mi nafunga mufupa. Maneno ufunge weye."

Na kinywa chake mwenyewe? Hapo ndipo nilipokuwa nikicheka bila kujificha. Mtu huyu aliyeulizia meno ya mji mzima alikuwa na kinywa kama uzio uliopitiwa na ng'ombe. Aliogopa kiti. Aliogopa koleo zake mwenyewe. Jino likimuuma, alifunga kitambaa kichwani, akaweka karafuu shavuni, akaendelea kuwang'oa wenzake huku machozi yakimtoka, nao wakidhani anawaonea huruma.

Lakini ukitaka kumjua, yaache meno, tazama alivyoitumikia Kampuni. Wengi walifanya kazi Kampuni; yeye aliisujudia. Alipojikata kidole hakutumia pamba ya hospitali, kwa kuwa pamba ilikuwa ya wagonjwa na yeye siku hiyo hakuandikishwa kama mgonjwa. Alifunga kidole kwa jani. Kalamu ya risasi ikiisha, alipeleka kipande kilichobaki ghalani kuthibitisha kwamba imekwisha kweli. Watu wengine walijenga nyumba nzima kwa mabati yaliyopotea njia kutoka mgodini. Yeye paa lake lilivuja, na alilala chini ya uvujaji ule na dhamiri kavu.

Meno ya bandia ya wafanyakazi aliyatengeneza mwenyewe, katika kichumba cha nyuma kilichonuka plastiki ya moto. Baba yangu alikuwa opereta wa simu. Ukipiga kutoka mgodini kwenda Likasi au Lubumbashi, sauti ya kwanza uliyoisikia ni yake, na watu ambao hawakuwahi kumwona walimwita Papa wa Telefone. Ufizi wake ulioza, meno yote ya juu yakatoka, na sauti ikatoka nayo. Munganga wa Meno alimtengenezea mengine. Aliyarekebisha mara tatu, akikwangua hapa na pale, mpaka baba akarudi kwenye mitambo yake akiongea kama mhubiri wa Jumapili. Nilikuja kuona mamia ya meno ya bandia shuleni kwetu, yaliyotengenezwa na watu wenye mashine. Machache yalikaa vizuri kama yale.

Kisha ukaja ule wakati. Vijana walipita na filimbi nyumba kwa nyumba wakisema wenye asili ya Kasai warudi kwao. Kwao baba ni wapi? Alizaliwa Kolwezi, nyuma ya uwanja wa mpira. Munganga wa Meno yeye alikuja mjini akiwa mtu mzima, kutoka upande wa Sandoa, lakini siku hizo hawakuuliza nani alitangulia.

Mfanyakazi aliyeachishwa kazi hakuondoka hivihivi. Alizunguka na karatasi kila idara apigwe muhuri kwamba amerudisha mali: kofia ya chuma, buti, taa, funguo za nyumba. Bila mihuri yote hakupewa cheti cha kazi, na bila cheti nani angempa kazi huko aendako? Mstari mmoja wa karatasi ile ulihusu hospitali: vifaa vilivyoazimwa. Aliyeuandika alifikiria magongo ya kutembelea. Hospitali nyingine waligonga muhuri bila kutazama. Lakini sisi tulikuwa na mtu mwaminifu.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, nimemsindikiza baba. Munganga wa Meno aliisoma karatasi, akatoa kabatini fishi ya baba, kadi yake ya matibabu, akaisoma nayo. Kisha akasema bila kuinua macho:

"Papa wa Telefone, kuna kifaa moja."

"Kifaa gani, Tata?"

"Ile ya juu. Iko ya Kampuni."

Baba alicheka. Alidhani ni mzaha, na kwa kweli ulikuwa mzaha mzuri, laiti ungekuwa mzaha. Munganga wa Meno alisukuma mbele kibati kilichokuwa na maji safi. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu, na nje filimbi zililia. Baba alinitazama, akaigeukia ile karatasi, akatia vidole kinywani. Uso wake ulianguka kwa ndani, kama hema lililong'olewa nguzo. Muhuri ukagongwa. Na baba yangu, mtu wa adabu hadi mwisho, alimshukuru, "Merci, Tata," na neno lile likatoka kama upepo.

Tulikaa stesheni wiki nyingi tukisubiri treni, maelfu ya watu chini ya maturubai, na mvua ikinyesha. Hapa ndipo mtu huyu ananishinda kumpanga. Kila jioni alipotoka kazini alikuja stesheni na koti lake la wanga na ndoo ya maji ya chumvi. Aliinama turubai kwa turubai, akiosha vinywa vya watoto vilivyooza vidonda, akipaka dawa ya zambarau, akitoboa majipu ya ufizi, bila malipo. Kijana mmoja wa filimbi alimpigia kelele:

"We tata! Unamwanga dawa ya bure. Aba banaenda!"

"Jino haina kabila," alijibu, mkono ukiwa ndani ya kinywa cha mtoto wa Kasai. "We pia, ile ya mbele inaanza kuoza. Uje kesho."

Nakuapia, kijana yule alikuja kesho yake.

Mama yangu alimfuata jioni moja, akamshika mkono wa koti. "Tata, uturudishieko meno ya bwana. Hawezi kula."

Alisikitika kweli. Machozi yalimlengalenga. "Mama, iko muzuri kabisa, iko mu maji, iko na jina. Hii fujo ni ya wiki mbili tatu. Mukirudia, ataikuta."

Ndivyo alivyoamini. Aliosha vinywa vya watu wanaofukuzwa huku akiwawekea meno yao salama, na hakuona kwamba mkono ni ule ule. Jioni ile baba alipomwona akipita alivua kofia kumsalimu. Mimi niligeuka nikatazama reli.

Treni ilipofika Lubudi wanawake waliuza karanga na mahindi ya kuchoma madirishani. Tulikuwa na njaa ya siku mbili. Mama alitafuna karanga, akazitema kiganjani, akampa baba. Baba alizila akiwa ameelekeza uso dirishani, kana kwamba kule nje kuna kitu cha kutazama. Hapo ndipo nilipochagua kazi yangu. Wenzangu darasani waliingia udaktari wa meno kwa sababu hawakupata nafasi ya udaktari mwingine. Mimi niliingia kwa kiganja kile cha karanga, nikasoma kwa taa ya kibatari, nikafundisha hesabu watoto wa matajiri ili nipate kula, nikamaliza wa pili. Wa kwanza alikuwa mpwa wa mkuu wa kitivo. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa baba: nilimvisha meno mapya ya juu.

Niliporudi Kolwezi nilimtafuta kabla hata sijafungua masanduku. Nilimkuta barazani kwake, mzee, Kampuni ikiwa imeshakufa na kuzikwa na kugawanywa. Nilimwambia mimi ni mtoto wa nani. Alifurahi kama aliyepata barua.

"Papa wa Telefone! Ya juu, yote! Eko?"

"Yuko. Meno yake yako wapi?"

Alinisimulia. Siku watu walipovunja hospitali na kupora, walilitaka kabati la chuma, si vilivyomo. Vibati walivimwaga mtaroni. Alikusanya meno yote, akachimba shimo kando ya ukuta wa hospitali, akayazika pamoja. Nikawazia siku ya ufufuo, malaika wakigombana kule ukutani. Kiti nacho kilibebwa, na baadaye kikaonekana kwenye saluni ya kunyoa nywele. Alikwenda kunyolewa pale kila wiki mpaka akabaki upara, ili tu apate kupaka mafuta ile pedali ya kuinulia.

"Na hukuona," nikamwambia, "kwamba ulikosea?"

"Fishi ilikuwa inaandika hivyo, mwana. Ilikuwa kitu ya Kampuni."

"Kampuni ilitafuna nini kwa meno yale?"

Aliniuliza kama nataka chai. Nilikwenda kwake tena na tena miaka iliyofuata, na kila mara nilipewa chai. Ninakadiria kwamba kuitafuta dhamiri ya mtu huyu kulimgharimu yeye kilo tatu za sukari.

Mwaka jana, majira ya mvua, alikuja mwenyewe kwenye kliniki yangu. Sikuwa nimemwona miezi mingi, na uso ulikuwa umemwanguka; sikumtambua mpaka nilipoinusa karafuu. Kinywani hakuwa na jino hata moja. Kitambaa na karafuu zilikuwa zimeshindwa vita. Aliketi, akaitazama diploma yangu kwa muda mrefu, akasema fremu imepinda.

Alikuwa na shida. Mjukuu wake alikuwa anaposwa na ukoo kutoka Dilolo, na yeye ndiye msemaji wa familia.

"Bantu ya Dilolo banajua kusema," alisema, na mate yakamtoka. "Mi nikifungula kinywa, ni upepo tu. Batamuchukua mutoto kama mbuzi."

Nilikuwa nimeisubiri siku hii tangu Lubudi. Nikavuta kiti changu karibu. "Nitakutengenezea, Tata, ya juu na ya chini, bure. Ila kwanza useme ulimkosea baba yangu."

Alifikiri. Akatikisa kichwa taratibu. "Bila meno? Neno ya muzito vile? Itatoka na mate, utacheka. Tengenezako kwanza."

Sijui kama ulikuwa ujanja. Nilimtengenezea. Na sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu ule, wala sijawahi kusumbuliwa hivyo. Kila hatua alikuwa na neno. Sahani ya kuchukulia umbo la ufizi, kubwa mno. Nta, baridi. Nilipopima namna taya la juu linavyolikuta la chini, aliguna, akanisukuma mkono, akasema nimepima mtu anayeogopa: nimwache ameze mate, atulie, halafu nipime. Nikampuuza. Meno yalipopangwa, yalikutana upande mmoja tu. Nikamwacha ameze mate, atulie, nikapima upya. Hili sijamwambia mtu yeyote hapa mjini, wala sina mpango huo.

Siku ya kuyavaa nilimwinulia kiti, nikamwomba anitajie maneno yenye sauti ya s, tusikie kama yanapiga mluzi. Kwa kawaida nawahesabisha wagonjwa, sitini na sita, sitini na saba. Alikataa namba. Alifumba macho, akaweka mikono juu ya magoti, akaanza:

"Musasa wa garage, mbele, ine. Mama Ngalula wa maternité, ya chini, mbili. Kasongo wa treni, ya juu, yote. Mbuyi wa soudure, mbele, moja."

Nilishika kioo mkononi nisijue nikifanyie nini. Aliendelea. Ni wale aliowavua meno siku zile za mihuri, mmoja baada ya mwingine, na idara zao, na meno yao. Wagonjwa wawili waliokuwa wakisubiri mlangoni walichungulia ndani. Mtu huyu ambaye majina yalimpita hakukosea hata mara moja, au kama alikosea hakuna aliyebaki wa kumsahihisha.

"Papa wa Telefone," alisema mwishoni. "Ya juu, yote."

Akafumbua macho. Nilimuuliza polepole, "Huyo ulimfanyia nini, Tata?"

"Nilimunyang'anya." Lilitoka safi, bila mluzi, bila mate. "Hakuna mutu alinituma. Chef hakunituma. Nilimunyang'anya mi mwenyewe, na akanipa merci."

Kisha akauliza kama anaweza kula mahindi, nikamwambia asubiri wiki moja. Akaondoka kwenda kuwakabili watu wa Dilolo.

Nilifunga mlango nikampigia simu baba, anayeishi Mwene-Ditu huko Kasai. Nilimsimulia yote, neno kwa neno, na majina niliyoyakumbuka.

"Alisema kunyang'anya?"

"Ndiyo, Baba. Kwa kinywa chake."

"Na hayo meno uliyomtengenezea. Yanakaa vizuri?"

"Yanakaa kabisa. Hayatikisiki."

"Basi, mwanangu," alisema baba, "ukipata nafasi njoo unirekebishie na haya yangu. Yamecheza tangu siku ile uliyonivisha. Nilikuona una furaha na diploma yako, nikashindwa kukuambia."